Goti Jipya, Dawa Kongwe

Katika miaka ya 1970, mtu aliyebadilishiwa goti Ulaya au Marekani alijua kwamba atakaa wodini wiki mbili au zaidi. Siku za mwanzo alizimaliza kitandani, mguu umefungwa bandeji nene, mrija wa kutolea damu ukining'inia kando, akisubiri saa ya sindano ya mofini ifike. Leo, katika hospitali nyingi za nchi hizohizo, mgonjwa wa aina hiyo husimamishwa siku ileile ya upasuaji, na wengi hulala usiku mmoja au mbili tu kabla ya kurudi nyumbani. Watu wengi hudhani siri ya mabadiliko haya ni goti lenyewe, kwamba chuma cha leo ni bora mno kuliko cha jana. Dhana hiyo ina upungufu. Goti la bandia lililoanza kuwekwa New York mwaka 1974, kazi ya John Insall na wenzake, tayari lilikuwa na kipande cha chuma kilichovishwa kwenye ncha ya mfupa wa paja na kipande cha plastiki ngumu kilichokaa juu ya mfupa wa muundi. Magoti mengi yanayowekwa leo ni vizazi vyake vya moja kwa moja. Kilichobadilika zaidi ni dawa anazopewa mgonjwa katika saa chache kabla na baada ya kisu, na ukizikagua moja moja utakuta kwamba nyingi zilikuwepo kabla hata ya goti la Insall. Hoja yangu ni kwamba kupona haraka kulipatikana pale matabibu walipoacha kutegemea dawa moja kali, wakaanza kupima kwa makini namna ya kutumia dawa kongwe, kila moja kwa kazi yake na kwa wakati wake.

Kisa hiki kinaanzia Berlin mwaka 1890, pale daktari Themistocles Gluck alipomwekea msichana wa miaka 17 goti la bawaba lililochongwa kwa pembe ya ndovu. Pembe ilikuwa bidhaa ya kawaida Ulaya wakati huo, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa masoko yake makubwa kabisa duniani. Misafara iliyopita Tabora na Ujiji ndiyo iliyolisha viwanda vya vinanda na vipini vya visu huko ng'ambo. Kwa upande wa ufundi, Gluck aliwatangulia wenzake kwa zaidi ya nusu karne. Lakini aliowatibu walikuwa na kifua kikuu cha mifupa, na hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo; streptomaisini ilikuja kupatikana mwaka 1943. Usaha ulirudi, viungo vya pembe vikashindwa, na wazo zima likasinzia kwa miongo kadhaa. Lilipoamka, matabibu walikuwa wamejifunza kwamba kiungo cha bandia bila dawa ni kitu kigeni kinachosubiri kuoza ndani ya mwili. Mjini Hamburg, Buchholz na wenzake walichanganya antibiotiki aina ya gentamisini ndani ya saruji ya kushikizia mifupa, wakatangaza matokeo yao mwaka 1970. Mwaka 1982 uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliofuatilia zaidi ya operesheni 8,000 za nyonga na magoti ulionyesha kwamba hewa iliyochujwa vizuri katika chumba cha upasuaji ilipunguza maambukizi kwa takriban nusu, na kwamba waliopewa antibiotiki walipata maambukizi machache zaidi. Dozi moja ya antibiotiki kabla ya ngozi kuchanwa ikawa desturi, na mpaka sasa hakuna hospitali makini inayoiacha.

Usaha ulipodhibitiwa, adui aliyebaki ni maumivu. Kubadilisha goti ni miongoni mwa operesheni zenye maumivu makali kuliko nyingi: mifupa miwili hukatwa kwa msumeno, tishu zinazozunguka zina mishipa mingi ya fahamu, kisha mgonjwa anatakiwa akunje kiungo hichohicho kesho yake. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa mofini, dawa iliyotenganishwa na afyuni na Mjerumani Friedrich Sertürner mwanzoni mwa karne ya 19. Mofini hutuliza kweli. Lakini humletea mgonjwa kichefuchefu, usingizi mzito, choo kigumu, na ikizidi hupunguza pumzi. Mgonjwa anayetapika na kusinzia hainuki kitandani. Asipoinuka, damu hutuama miguuni na kuganda, misuli ya paja hulegea, na goti hukakamaa. Hivyo dawa iliyokusudiwa kumsaidia apone ndiyo iliyomfunga kitandani. Mwaka 1993 Henrik Kehlet na Jørgen Dahl wa Denmark waliandika hoja iliyobadilisha mwelekeo: maumivu hupita vituo kadhaa, kuanzia kwenye kidonda, yakafuata mishipa ya fahamu, yakaingia uti wa mgongo na kufika ubongoni. Dawa mbalimbali huziba vituo mbalimbali. Ukitumia kadhaa kwa pamoja, kila moja kwa kiasi cha wastani, utahitaji mofini kidogo tu, na madhara yake yatapungua.

Vifaa vya kutekelezea wazo hilo vilikuwa vimekaa kabatini miaka mingi. Ganzi ya uti wa mgongo, ambayo leo hutumika sana katika upasuaji wa goti, ilianzishwa na August Bier mjini Kiel mwaka 1898. Ili kuelewa alichokuwa akiwafanyia wagonjwa wake, Bier na msaidizi wake Hildebrandt walijifanyia majaribio wenyewe kwa kokeini. Hildebrandt alipokwisha kufa ganzi miguuni, Bier alimpiga muundini kwa nyundo ya chuma na kumchoma kwa sigara iliyowaka, naye hakusikia chochote. Baadaye wote wawili waliumwa vichwa vibaya, na Bier akawa mtu wa kwanza kueleza kwa undani maumivu ya kichwa yatokanayo na ganzi hiyo. Tangu hapo kokeini iliachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na dawa salama zaidi kama bupivakeini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1957. Parasetamo ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1878, ikasubiri hadi miaka ya 1950 ndipo ikaanza kuuzwa kwa wingi. Ibuprofeni, iliyobuniwa na Stewart Adams na wenzake Uingereza, iliingia sokoni huko mwaka 1969. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe, ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2022 watafiti wa Denmark walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 485 wa goti na kuonyesha kwamba sindano mbili za miligramu 24, moja wakati wa upasuaji na nyingine siku iliyofuata, zilipunguza kiasi cha mofini kilichohitajika katika saa 48 za mwanzo. Punguzo lilikuwa la wastani, na ndivyo utaratibu huu unavyofanya kazi: hakuna dawa moja inayobeba mzigo wote.

Mfano ulio wazi zaidi ulitoka Sydney. Dennis Kerr na Lawrence Kohan walichanganya ropivakeini, ambayo ni ndugu mdogo wa bupivakeini, pamoja na ketorolaki ya kutuliza uvimbe, na adrenalini, homoni iliyojulikana tangu mwaka 1901, ya kubana mishipa ili ganzi isichukuliwe haraka na damu. Kabla ya kufunga kidonda, daktari alichoma mchanganyiko huo tabaka kwa tabaka: nyuma ya kiungo, kandokando ya mifupa iliyokatwa, ndani ya misuli, mwisho chini ya ngozi. Kwa goti moja ulitumika zaidi ya mililita 100. Kisha mguu ulifungwa bandeji ya kubana, ukapozwa kwa barafu, na mrija mwembamba ukaachwa ndani kwa ajili ya dozi ya kesho yake. Katika ripoti yao ya mwaka 2008 kuhusu wagonjwa 325 wa nyonga na magoti, wengi waliweza kutembea kwa msaada saa tano au sita baada ya operesheni, na 230 walirudi nyumbani baada ya kulala usiku mmoja. Msomaji makini atauliza: walilinganishwa na nani? Hawakulinganishwa na kundi lolote, na hilo lilikuwa dosari ya kweli. Lakini wengine walifanya majaribio ya kulinganisha, nayo yalitenganisha punje na makapi. Kwa goti, sindano hiyo ilisaidia. Kwa nyonga, faida yake juu ya dawa za kawaida ilikuwa ndogo mno. Mrija nao haukuonekana kuongeza faida ya kutosha kuhalalisha hatari ya kuingiza vijidudu.

Damu ina kisa chake. Daktari anapokata mifupa hufunga mkanda wa kubana paja ili aone vizuri. Mkanda ukifunguliwa, mwili huanza kuyeyusha haraka migando iliyoanza kuziba mishipa, na mgonjwa huvuja kwa saa nyingi ndani ya bandeji. Zamani wengi waliongezewa damu. Dawa ya kuzuia migando isiyeyuke mapema, asidi ya traneksamiki, ilitangazwa Japani mwaka 1962 na wanandoa watafiti, Utako na Shosuke Okamoto. Utako aliitafuta akiwawaza wanawake wanaokufa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, lakini madaktari wa uzazi wa Kobe hawakukubali kuijaribu. Dawa ikakaa pembeni. Mwaka 1996, miaka 34 baadaye, Benoni na Fredin wa Sweden walichapisha jaribio la wagonjwa 86 wa goti: waliopewa dawa hiyo walipoteza takriban nusu ya damu waliyopoteza wenzao, na wachache zaidi waliongezewa damu. Hofu ilikuwa kwamba dawa inayolinda mgando ingeleta mabonge ya damu miguuni na mapafuni. Ni hofu ya kimantiki, ndiyo maana ilipimwa tena na tena, na majaribio mengi yaliyofuata hayakuonyesha ongezeko hilo kwa wagonjwa wa goti. Ndoto ya Utako nayo hatimaye ilitimia: mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya kifo chake, jaribio la wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, lilionyesha kwamba dawa hiyo ikitolewa mapema hupunguza vifo vya kutokwa damu baada ya kujifungua.

Kuhusu mabonge ya damu yenyewe, hapa ndipo hoja yangu inapokutana na pingamizi zito. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, iligunduliwa Baltimore mwaka 1916. Warfarini, nyingine ya kazi hiyohiyo, ilitokana na balaa la ng'ombe wa Amerika Kaskazini waliokuwa wakivuja damu hadi kufa kwa kula majani ya klova yaliyovunda. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin aliendesha gari katika dhoruba ya theluji hadi maabara ya Karl Paul Link akiwa na mtamba aliyekufa na kopo la damu isiyoganda. Link na wenzake walikitambua kiini cha sumu ile, na dawa iliyozaliwa humo ikauzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Kuanzia mwaka 2008 zikaja dawa mpya za kumeza, kama rivaroksabani, zisizohitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara. Je, aspirini ya mwaka 1899, inayouzwa kwa senti chache, ingeweza kushindana? Jaribio la Kanada la mwaka 2018 liliwapa wagonjwa 3,424 rivaroksabani kwa siku tano, kisha nusu wakahamia aspirini. Waliopata mabonge walikuwa asilimia 0.64 upande wa aspirini na 0.70 upande wa pili. Ushindi wa dawa kongwe ukaonekana kamili. Lakini mwaka 2022 jaribio la Australia lilimwanzishia mgonjwa aspirini tangu mwanzo, likailinganisha na sindano za enoksaparini, dawa ya jamii ya heparini, na aspirini ikashindwa: asilimia 3.45 walipata mabonge yenye dalili, dhidi ya 1.82. Matokeo haya mawili hayapingani. Yanaonyesha kwamba siku za mwanzo zenye hatari kubwa huenda zikahitaji ulinzi mkali zaidi, kisha aspirini ikapokea zamu. Vilevile yananilazimisha kuisahihisha hoja: ukongwe peke yake hauifanyi dawa kuwa bora. Dawa kongwe ilishinda pale tu ilipokubali kupimwa.

Kipimo hichohicho kimeziangusha dawa mpya kadhaa zilizotangazwa kwa shangwe. Rofekoksibu, iliyouzwa kwa jina la Vioxx kuanzia mwaka 1999, iliahidi kutuliza uvimbe bila kuumiza tumbo. Septemba 2004 iliondolewa sokoni baada ya kubainika kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Gabapentini na pregabalini, dawa za kifafa, ziliingizwa kwa wingi katika mipango ya kupona goti, hadi uchambuzi wa mwaka 2020 wa majaribio 281 ya upasuaji wa aina mbalimbali ulipoonyesha kwamba nafuu yake ni ndogo mno, huku zikileta kizunguzungu. Bupivakeini iliyofungwa katika matone ya mafuta ili idumu siku kadhaa iliruhusiwa Marekani mwaka 2011 kwa bei kubwa; jaribio la Uingereza la mwaka 2022 kwa wagonjwa wa goti halikuona kwamba inaishinda bupivakeini ya kawaida. Na lipo doa lisilopaswa kufichwa: mwaka 2009 ilifichuka kwamba daktari wa usingizi Scott Reuben wa Massachusetts alikuwa ameghushi data katika makala 21, nyingi zikisifu matumizi ya dawa za maumivu kwa pamoja baada ya upasuaji wa mifupa. Mtu anaweza kusema kwamba kashfa hiyo inabomoa msingi wa wazo la Kehlet. Haibomoi, kwa sababu kilichobaki baada ya makala zile kuondolewa kilitoka kwa watafiti wengine, katika nchi nyingine, na kiliendelea kushikilia. Lakini inaeleza kwa nini shauku ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilivuka mipaka ya ushahidi.

Pingamizi jingine ni kwamba naipa dawa sifa ya mpangilio wa kazi. Kehlet mwenyewe amesisitiza kwamba kupona haraka kunahitaji kumweleza mgonjwa mapema, kuacha mirija isiyo ya lazima, kumlisha, na kumnyanyua bila kuchelewa. Ni kweli, na hakuna kidonge kinachofanya mazoezi kwa niaba ya mtu. Ila mpangilio huo ulikuwa hauwezekani mpaka maumivu yalipotulizwa bila kumlaza mgonjwa usingizi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hawezi kumsimamisha mtu anayetapika. Dawa ilifungua mlango, na mazoezi ndiyo yaliyopita.

Mwisho kuna suala la mofini, linalotaka uangalifu kwetu kuliko kwingineko. Marekani iliitumia jamii hiyo ya dawa kupita kiasi. Baada ya OxyContin, kidonge cha jamii hiyo, kuingia sokoni mwaka 1996, wagonjwa wengi wa mifupa walirudishwa nyumbani na makopo ya vidonge vikali, na baadhi yao hawakuweza tena kuviacha. Somo hilo halipaswi kusomwa Afrika Mashariki kana kwamba mofini ni haramu. Shida yetu ya siku nyingi imekuwa kinyume chake: mgonjwa mwenye maumivu makali kuikosa kabisa. Uganda, kwa kazi ya Anne Merriman aliyeanzisha huduma za hospisi huko mwaka 1993, ilionyesha kwamba mofini ya maji ya bei nafuu inaweza kutolewa kwa usalama, ikaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuiandika. Katika mpango mzuri wa goti, mofini hubaki kama akiba ya saa ngumu, kwa dozi ndogo na kwa siku chache.

Magoti ya bandia yanawekwa sasa Muhimbili, Nairobi na kwingineko katika kanda hii, na gharama ya chuma kinachoagizwa nje itaendelea kuwaumiza wengi. Lakini antibiotiki ya sefazolini, bupivakeini, parasetamo, ibuprofeni, deksamethasoni, asidi ya traneksamiki, aspirini na mofini zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si kila moja inamfaa kila mtu: mwenye figo dhaifu au vidonda vya tumbo aogope ibuprofeni, mwenye kisukari aulize kuhusu deksamethasoni, na anayetumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda aseme mapema. Kwa hiyo anayejiandaa kwa operesheni hii, au anayemsindikiza mzazi wake, amuulize daktari maswali manne kabla ya siku ya upasuaji: nitapewa nini dhidi ya vijidudu, nini dhidi ya maumivu, nini dhidi ya kutokwa damu, na nini dhidi ya mabonge, kwa siku ngapi? Hospitali inayoweza kuyajibu yote manne kwa ufasaha inastahili kuaminiwa kuliko ile inayojisifu kwa chapa ya goti lake.